STI ya turbo inachemsha kupanda Karatu, mjini iko sawa. Nianzie wapi?

Njiro_Boxer

Wakuu, naomba mwongozo. Gari ni Impreza WRX STI ya 2003, injini EJ207, iko Arusha. Imefungwa intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) ya mbele, eksozi imefunguliwa kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, bosti (presha ya turbo) ni bar 1.3, na kompyuta ilipangwa upya Dar es Salaam.

Foleni ya Sakina joto la maji linacheza 94 hadi 97, feni zinawaka na kuzima kama kawaida. Barabara ya Moshi kwa mwendo wa 80 linakaa 90. Shida ni kile kipandio cha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu: gia ya tatu, mguu chini, ndani ya dakika nne linafika 109 na bado linapanda. Ukiachia mafuta linarudi 95 baada ya dakika mbili hivi. Namba hizi nimezisoma kwenye kompyuta ya gari kwa kebo ya KKL na programu ya RomRaider, si za mshale wa dashibodi.

Fundi mmoja anasema themostati (vali inayofungulia maji njia yakipata moto) itolewe. Mwingine anataka inunuliwe rejeta ya alumini. Nani asikilizwe?

Kibo_Turbo

Asisikilizwe yeyote kwa sasa, mkuu. Umefanya vizuri kusoma namba, maana mshale wa hizi gari hukaa katikati maji yakiwa 80 na hukaa hapohapo yakikaribia 100. Ukiuona unapanda, umechelewa.

Gari inayochemsha kwenye foleni ina shida ya feni. Inayochemsha ikiwa na mzigo, huku foleni iko sawa, ina shida ya upepo kutopita kwenye rejeta, maji kutozunguka vya kutosha, au injini kuzalisha joto kupita kiasi. Yako ni hii ya pili, kwa hiyo feni ziache.

Anza na upepo, haugharimu kitu. Intakula ya mbele inakaa mbele ya kondensa ya AC, kondensa mbele ya rejeta. Upepo ukifika kwenye rejeta umeshapashwa moto mara mbili, na mwingi haufiki kabisa, unapita pembeni na juu kwa sababu huko hakuna kizuizi. Ziba mianya yote kati ya bampa, intakula na rejeta kwa bati jembamba la alumini au sponji ngumu, hewa ikiingia mdomoni isiwe na njia nyingine. Halafu chungulia chini: kava la chini ya injini lipo? Gereji nyingi hulitoa siku ya kumwaga oili na halirudi. Lile si la kuzuia matope tu. Linafanya hewa iliyo nyuma ya rejeta ivutwe kwenda nje. Likikosekana, hewa ya chini ya gari inajaa ndani ya boneti na kusukumana na ile inayotoka kwenye rejeta.

Kisha fungua kondensa uisogeze uone kilichoko katikati. Kwa vumbi la huku na wadudu wa barabara ya Makuyuni utakuta blanketi. Osha kwa mpira wa bustani ukitokea upande wa injini kwenda mbele, maji ya nguvu ndogo. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, na pezi lililolala halipitishi upepo tena.

Spana14

Themostati usitoe! Ukiitoa, injini kwenye tambarare inakaa 65 au 70, kompyuta inadhani bado ya baridi na kuongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Na kipandio hakitapona, kwa sababu kwenye 109 themostati nzima ilishafunguka yote zamani. Kwenye Toyota zenye themostati ya vali mbili, kama injini za JZ, ni mbaya zaidi: ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto hairudi tena kwenye rejeta.

Kinachostahili ni kuipima. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ya Subaru inaanza kufunguka kati ya 76 na 80 na inakuwa wazi yote karibu na 91. Ikichelewa, nunua ya Subaru yenyewe. Za bei rahisi nyingi zina kifuko kidogo cha nta na mdomo mwembamba.

Bosti_na_Milima

Wenzangu wamesema ya upepo na maji. Nataka niseme la mwinuko, kwa sababu gari ilipangwa Dar na inaishi Arusha.

Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 86, Dar ni 101. Bosti 1.3 ikiwa Dar, turbo inabana hewa mara 2.3. Bosti hiyohiyo kwenye geji ukiwa Arusha inataka kubana mara 2.5. Hewa ikiingia na nyuzi 25 na turbo ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, itatoka na takriban nyuzi 139 katika hali ya kwanza na 153 katika ya pili. Na kompyuta ya Subaru inahesabu kanieneo kamili, kwa hiyo ikiachiwa inaweza kuisukuma turbo hata zaidi ya hapo ili kufidia. Joto hilo lote linamwagwa na intakula, mbele ya rejeta yako! Wakati huohuo hewa inayopoza rejeta ni nyepesi kwa kama asilimia 14. Umebanwa pande mbili.

Halafu petroli. EJ207 ya Japani ilitengenezwa kwa petroli ya huko ya okteni 100, na pampu zetu hazifiki hapo. Injini ikigonga (petroli ikijilipukia yenyewe), kompyuta inachelewesha moto wa plagi, na moto uliochelewa unaishia kwenye eksozi na kwenye vichwa vya silinda, yaani kwenye maji. Rekodi safari moja ya kipandio: bosti, joto la maji, marekebisho ya kugonga, na uwiano wa hewa na petroli kwa sensa ya wigo mpana. Ukiwa umekanyaga yote uwiano uwe 11 hadi 11.5. Ukikuta 12 na kuendelea, acha kukanyaga hadi ipangwe upya. Bosti ishushwe hadi 1.0 na moto wa plagi upangwe hukuhuku kwenye mwinuko. Utapoteza nguvu kidogo na utabaki na pistoni.

Mfuniko wa maji nao usiudharau. Kwa kanieneo yetu maji matupu huchemka kama nyuzi 95. Mfuniko mzima wa bar 1.1 unakipeleka kiwango hicho karibu 119, na kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) inaongeza nyingine. Mpira wake ukichoka, kiwango kinarudi kwenye 95, na wewe foleni tu uko 97. EJ ya turbo ina mifuniko miwili, mmoja kwenye rejeta na mmoja kwenye kitanki kilicho juu karibu na turbo. Haina presha sawa, isibadilishane.

Njiro_Boxer

Asanteni sana. Kava la chini halipo. Kati ya kondensa na rejeta kuna tope kavu, limeoshwa. Mifuniko ilikuwa imebadilishana, imerudishwa. Kulanti imemwagwa, lakini kujaza imekubali lita tano tu na hita inapuliza baridi gari ikiwa imesimama inanguruma. Kuna tatizo?

Kibo_Turbo

Lita tano ni hewa imebaki ndani. Mfumo unachukua kama saba. Usiendeshe hivyo mkuu, hewa ikikaa kwenye hedi (kichwa cha silinda) chuma kinapata moto bila sensa kujua.

Panda na pua ya gari kwenye mteremko, hita uifungue kwenye moto wa mwisho. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta pembeni, jaza kupitia kitanki cha juu, taratibu, kama lita moja kwa dakika, huku ukiminya hosi ya juu. Maji yakitoka kwenye skrubu bila mapovu, funga. Funika, washa, peleka hadi mizunguko 2,500 mara tano au sita, kila mara sekunde 40, mpaka feni ziwake. Zima, subiri ipoe kabisa, fungua, ongeza. Rudia mpaka isikubali tena na hita ipulize moto bila kukanyaga.

Huku hakugandi barafu, kwa hiyo kulanti asilimia 30 na maji 70 inatosha, na maji yanabeba joto vizuri kuliko kulanti. Chini ya 30 usishuke, utakosa kinga ya kutu. Maji ya bomba ya Arusha yana madini mengi, yataacha magadi kwenye rejeta. Tumia yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri. Dukani soma chupa, maana asidi ya betri nayo wengine huiita maji ya betri.

Spana14

Kabla hujarudi Karatu pima gasketi ya hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, minya hosi ya juu: ikiwa ngumu, gesi ya silinda imelala ndani ya maji. Halafu tumia ile dawa ya bluu ya kupimia gesi ya silinda, juu ya kitanki, injini ikiwa ya moto. Ikigeuka njano, gasketi imekwisha. EJ inaweza kuvuja ikiwa na bosti tu, hivyo ikibaki bluu usiridhike. Weka alama kwenye chupa ya akiba, kanyaga kidogo barabara ya Kisongo, acha ipoe usiku. Maji yakipanda kwenye chupa na yasirudi, hedi zishuke zikapimwe kwa rula iliyonyooka. Filagaji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05 ikipita chini ya rula, zikasawazishwe kwa mashine.

Kipandio chenyewe jaribu na bosti ya 1.0. Likifika 104 achia mafuta, washa hita yote, shuka hadi mwendo wa 40 kwa gia ya tatu, usisimame wala usizime. Pampu inahitaji kuzunguka na rejeta inahitaji upepo.

Kava la chini tafuta la gari yenyewe. La bati la kujichongea bila matundu ya kutolea hewa linafungia joto humo ndani.