SSD mpya ya steshenari: discard kwenye fstab au fstrim ya kila wiki?

Steshenari_Makulu: Habari za jioni wakuu. Nina steshenari huku Makulu, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa UDOM. Kompyuta ya kuprintia inatumia Linux Mint, SSD yake ya GB 120 imejaa, na Jumamosi naenda mjini kununua ya GB 240. Kinachonisumbua ni fstab, faili linaloiambia Linux ifungue diski kwa chaguo zipi. Fundi wa kwanza aliweka discard na relatime. Wa pili akaongeza mwishoni nodiscard na noatime bila kufuta za mwenzake. Zote nne zimo kwenye mstari mmoja! Nibaki na zipi? Na ninunue SSD ya SATA, ile ya kawaida, au ya NVMe, ile ya kasi zaidi?

Fundi_Kikuyu: Mkuu, hujasema mfumo wa faili ni upi, ext4 au btrfs? Diski imefungwa kwa LUKS, yaani data yake imesimbwa kwa nenosiri? Mashine ya mwaka gani? Kama mazabodi haina tundu la M.2, usihangaike na NVMe.
Kuhusu mgongano, ya mwisho ndiyo inayoshika. Kwa hiyo sasa unatumia nodiscard na noatime. Hakikisha kwa `findmnt -o OPTIONS /`.

Zabibu_Hombolo: Futa discard, acha fstrim.timer, taima ya kutuma TRIM, ifanye kazi. TRIM ni amri ya kuiambia SSD nafasi zipi hazitumiki tena. Discard inaituma kila unapofuta faili, na kwenye SSD nyingi za SATA za bei ya chini maandishi mengine yanasubiri amri hiyo iishe. Taima inapita mara moja kwa wiki, na kama ulikuwa umezima mashine, itapita utakapowasha. Angalia kwa `systemctl status fstrim.timer`.

Mlinzi_wa_Data: Mimi naomba mwenye uzi asiongeze chochote alichookota mtandaoni. Nilikuwa nahudumia ofisi moja ya wanunuzi wa mahindi Kibaigwa. Nikasoma kwamba data=writeback, chaguo linalobadilisha jinsi ext4 inavyoandika data, inaipa SSD kasi, nikaiandika kwenye mstari wa mzizi (/) wa fstab, nikawasha upya saa moja asubuhi. Mashine ikaamka lakini mzizi ukabaki wa kusoma tu, hakuna kinachoandikika. Nje kuna foleni ya malori, karani hawezi kuingiza uzito hata wa gunia moja. Nilikaa pale mpaka saa tano nikitafuta flashi ya kuwashia, ndipo nikafuta neno hilo. Sababu ni kwamba mzizi humauntiwa (hufunguliwa utumike) kwanza, halafu humauntiwa tena kwa chaguo za fstab, na ext4 haikubali kubadilisha hali ya data katika hatua hiyo ya pili. Karani yule aliandika kwenye daftari asubuhi nzima. Bado inaniuma.

Kondoa_Irangi: Pole sana kaka. Mimi napinga noatime, ambayo haiandiki kabisa muda faili liliposomwa. Relatime ndiyo chaguo-msingi tangu kerneli 2.6.30 ya mwaka 2009. Muda wa kusoma huandikwa tu kama faili limebadilishwa tangu lisomwe mara ya mwisho, au saa 24 zimepita. Unaokoa nini hapo?

Zabibu_Hombolo: Anaokoa maandishi asiyoyahitaji. Steshenari haina programu inayouliza faili lilisomwa lini.

Kondoa_Irangi: Leo haina. Kesho akiweka programu ya kusafisha mafaili ya wateja yasiyosomwa kwa mwezi, itafuta yasiyostahili.

Steshenari_Makulu: Samahani, nilisahau. Ni ext4, haina LUKS, mashine ya 2012, M.2 haipo. Basi ni SATA. Nitahamisha kila kitu kwa dd, amri ya kunakili diski nzima, nikiunganisha diski mpya kwa kasha la USB.

Fundi_Kikuyu: Ulipaswa kuanza na hilo la dd! Inanakili hata superblock, sehemu inayohifadhi mipangilio ya mfumo wa faili. Kama mmoja wa mafundi wako aliwahi kuandika discard humo kwa `tune2fs -o`, itahamia diski mpya, na ukiifuta kwenye fstab itaendelea kufanya kazi. Findmnt haitaionyesha, nami nilikosea kukuachia hiyo pekee. Andika `tune2fs -l`, soma mstari wa Default mount options.

Zabibu_Hombolo: Na usiipime TRIM ikiwa ndani ya kasha, mengi hayapitishi amri hiyo. Ukishaifunga ndani, andika `lsblk -D`. Ukiona sifuri kwenye DISC-GRAN na DISC-MAX, TRIM haifiki.

Mlinzi_wa_Data: Una UPS? Kwa umeme wa kukatika ghafla, mimi ningenunua UPS kabla ya SSD. Na commit, muda wa ext4 kuhifadhi data kwenye diski, iache sekunde 5.

Kondoa_Irangi: UPS ya ukubwa gani itabeba na printa ya leza? Yangu iliua betri ndani ya mwaka.

Mlinzi_wa_Data: Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS kabisa. Kompyuta na skrini tu.

Steshenari_Makulu: Nimeangalia, discard imo kwenye Default mount options. Sijui aliyeiweka. UPS sina. Kwa hela niliyonayo, Jumamosi nitapata kimoja tu kati ya hivyo viwili.