Mwanza–Bukoba: ndege, basi au meli, kipi salama zaidi?

Kagera_Damu: Wakuu, salaam. Bi mkubwa anatoka Mwanza kwenda harusini Bukoba. Ndege hataki hata kuisikia tangu ile ya Novemba 2022 ilipoangukia ziwani. Meli aliapa kutopanda tena baada ya MV Bukoba, Mei 1996. Anang'ang'ania basi la alfajiri. Mimi naona anakimbilia penye hatari zaidi. Mnasemaje?

Mzee_wa_Kemondo: Mwanangu, kwa meli mwache. Mwaka ule walizama mamia, Kagera nzima ikawa matanga. Hofu ya namna ile huiondoi kwa takwimu.

Nesi_Zamu: Shikamoo mzee. Hofu naielewa, ila ninaowapokea wodini si wa ndege. Ndege ile ilikuwa na watu 43, wakafa 19, nchi nzima ikasimama. Barabara, kwa hesabu za WHO, huua kama watu milioni 1.19 duniani kwa mwaka, yaani zaidi ya 3,000 kila siku. Ila hawa wanaletwa mmoja mmoja: mguu umefungiwa mbao kwa kanga, kofia ngumu imebaki inaning'inia kwenye usukani wa bodaboda. Nani atamtangaza huyo?

Nauli_Kamili: Basi angalau uko nchi kavu, na sasa mnapita daraja la Kigongo–Busisi, habari ya kusubiri kivuko imekwisha. Dereva akikimbiza unamwambia.

Nesi_Zamu: Ulimwambia lini akapunguza? Abiria wenzako ndio watakaokuzomea kwamba unawachelewesha 😂 Na mwendo wa wastani ukipanda asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kama asilimia 4.

Mvuvi_Ukara: Meli isisingiziwe. MV Nyerere, 2018, ilijaza kupita kiasi, ikapinduka karibu kabisa na gati la huku kwetu. Walikufa zaidi ya 220. Chombo cha kila siku watu hawakiogopi, wanapanda tu. Ukiona kimejaa, shuka.

Kagera_Damu: Nashukuru wakuu. Dada amekubali kukaa naye kwenye ndege, bi mkubwa kalegea. Akishuka uwanjani atachukua bodaboda hadi kwa shangazi.

Nesi_Zamu: Mleta uzi, baada ya yote haya, bodaboda?

Kagera_Damu: Ni karibu tu dada.

Nesi_Zamu: Wodini kwangu wengi walikuwa wanakwenda karibu tu. Mtafutie bajaji.

Mzee_wa_Kemondo: Au shangazi mtu atume teksi. Bei mpatane kabla.