Mrejesho: i5-2500K imetulia kwenye GHz 4.4

Niliuliza kwa nini prosesa yangu ya Intel, i5-2500K, kasi yake ikipandishwa hadi GHz 4.5 inaleta skrini ya bluu yenye kosa 0x124. Mlisema volti za prosesa hazitoshi. Ni kweli, ahsanteni ndugu zangu.

Kizidishi (namba inayozidishwa na BCLK kupata kasi) nimekishusha kutoka 45 hadi 44, BCLK (mapigo ya msingi ya mfumo) nikaiacha MHz 100 (ukiigusa, SATA na PCIe, njia za diski na kadi, nazo huyumba), volti nikazipandisha 0.01 kila jaribio, kutoka 1.25 hadi 1.31. Prime95 (programu ya kuijaribu prosesa kwa mzigo mzito) kwa saa nane, hakuna kosa.

Joto la prosesa hapa Malindi, mchana wa kaskazi, ni 84°C. Kabla ya kutoa vumbi la chumvi kwenye hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) na kupaka pesti mpya kati yake na prosesa, joto lilipita 90. Feni iliyokuja na prosesa haifai kazi hii, msijidanganye. GHz 4.5 ilitaka volti 1.36, na MHz 100 hazistahili moto huo.