Mjadala: Dan Davis aliibiwa kampuni yake, au aliigawa kwa mkono wake mwenyewe?

Msomaji wa Ngamiani
Ndugu wasomaji, kikundi chetu kimemaliza kusoma The Door into Summer, riwaya ya kisayansi ya Mmarekani Robert Heinlein iliyotoka kama kitabu mwaka 1957, nasi tumegawanyika kiasi kwamba nimeona heri niwaletee ugomvi wetu. Kwa ambaye hajaisoma: mwaka 1970, ambao kwa mwandishi ulikuwa bado haujafika, mhandisi kijana aitwaye Dan Davis anaunda roboti ya kusafisha nyumba, anafungua kampuni huko California pamoja na Miles Gentry, rafiki yake wa jeshini, na wote wawili wanamwajiri Belle Darkin ashike ofisi na vitabu vya hesabu. Dan anamchumbia Belle, na kama zawadi ya uchumba anamwandikia sehemu ya hisa zake, hisa zile zile zilizompa kauli ya mwisho. Katika mkutano wa wanahisa Belle anaungana na Miles, Dan anatolewa, na mashine alizozibuni zinabaki kuwa mali ya kampuni. Baadaye wanamdunga dawa na kumpeleka akalazwe kwa miaka 30 katika usingizi wa baridi, yaani mwili unagandishwa usizeeke, naye anaamka mwaka 2000 akiwa hana kitu.

Dawa ile ni uhalifu, hilo halina mjadala. Ninachouliza kinahusu kura. Je, sheria imlinde kijana mbunifu dhidi ya saini yake mwenyewe, kwa kumwachia haki juu ya uvumbuzi wake ambayo hakuna mkutano wa wanahisa unaoweza kumpokonya? Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanafungua kampuni za programu na marafiki zao, na wengi wao wanatia saini bila kusoma, kama Dan.

Fundi Saketi
Aliibiwa, na mtu yeyote aliyewahi kukesha na chombo kinachokataa kuwaka hatahitaji kurasa nyingi ili akubali hivyo. Kilichonigusa ni namna Dan anavyobuni: hachongi kila kipuri upya, bali anachukua vifaa vilivyoko madukani, ili kikiharibika kimoja, mama wa nyumba akichomoe na kuweka kingine bila kumngoja mtaalamu. Hiyo ni akili ya fundi. Miles hakuwa nayo, Belle hakuwa nayo, na bado hao wawili ndio waliobaki na funguo za karakana. Ninaongeza jambo moja, ambalo halimo katika kitabu lakini nimeliona kwa macho yangu: kila kampuni changa niliyoijua ilianza kufa siku ilipomwajiri mhasibu.

Wakili wa Jioni
Swali la Ndugu Msomaji lina sehemu mbili na ni vizuri kuzitenganisha. Hisa ni mali, na aliyepewa mali kwa hiari huwa ni yake. Kama Dan alitaka zirudi iwapo uchumba ungevunjika, alipaswa kuandika hivyo. Hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, ni suala lingine. Katika nchi nyingi, zetu zikiwamo, uvumbuzi uliofanywa na mwajiriwa katika kazi aliyoajiriwa kuifanya huhesabiwa kuwa wa mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, inafuata mkondo huo, ingawa inampa mvumbuzi nafasi ya kudai malipo ya haki pale thamani ya uvumbuzi inapozidi sana matarajio ya awali. Kwa hiyo ulinzi anaouomba Ndugu Msomaji upo kwa kiasi fulani, ila ni wa fedha. Haumrudishi mtu katika kiti chake.

Mizani
Nilikuwa nimeamua kusoma tu na kunyamaza, lakini Fundi Saketi amenilazimisha kuandika. Mimi ni mhasibu. Nimeingia katika kampuni za vijana ambako pesa za mteja zilikuwa katika simu ya mwanzilishi, risiti katika mfuko wa suruali yake, na kodi katika maombi ya mama yake. Kampuni hizo hazikufa kwa sababu nilifika. Niliitwa kwa sababu zilikuwa zinakufa, na daktari anayefika dakika ya mwisho halaumiwi kwa kuwa ndiye aliyeonekana wodini. Tena ningependa Fundi atuambie Dan alisoma karatasi gani kabla ya kuzitia saini. Nimerudia sura zile. Belle alimletea karatasi, yeye akasaini kwa sababu alikuwa anataka kurudi kwenye meza yake ya michoro. Mhandisi huyo huyo asingekubali kufunga waya mmoja bila kujua unakwenda wapi.

Fundi Saketi
Dada Mizani, sikukutaja wewe. Hata hivyo sielewi ni kwa nini mtu asiyesoma mkataba aitwe mzembe, ilhali mtu aliyeuandika ili usisomwe aitwe mtaalamu. Belle hakuwa mhasibu aliyeonewa. Alikuwa tapeli aliyechagua ofisi ile kwa makusudi, na mwandishi anatuonyesha wazi kwamba Dan hakuwa mwanamume wa kwanza kukutana naye kwa namna hiyo.

Mizani
Kwanza, mimi ni kaka, si dada. Inashangaza kwamba mhandisi akisikia neno mhasibu katika mazungumzo ya kitabu hiki, mara moja anamwona Belle. Pili, nimefurahi kwamba sasa umekubali tatizo lilikuwa utapeli na si uhasibu, maana sivyo ulivyoandika mwanzo.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, kabla hamjaendelea kugawana Belle, hebu mtazameni kama mhusika. Tunaambiwa ni mwerevu, mrembo na mchapakazi, kisha tunaambiwa ni mwovu, na hatuonyeshwi hata ukurasa mmoja wa anachokitaka maishani. Miles amepewa sababu: anataka kampuni ikue na kuungana na wakubwa wa kampuni ya Mannix, wakati Dan anataka ibaki karakana ndogo inayobuni na kuwaachia wengine utengenezaji. Huo ni ubishi wa kweli wa kibiashara, na mtu mwaminifu angeweza kuwa upande wa Miles. Belle hana upande. Halafu katika kitabu hicho hicho mwandishi anatutaka tufurahie kwamba Dan, mtu mzima, anamwambia Ricky, binti wa kambo wa Miles mwenye miaka 11, kwamba akifika miaka 21 na bado akitaka, amfuate miaka ya mbele kwa usingizi wa baridi. Naye anamfuata, na wanaoana. Mtoto anayewekewa ahadi ya namna hiyo hana uhuru wa kweli wa kuchagua. Nilifundisha fasihi kwa miaka mingi, na hapo nisingemtetea mwandishi mbele ya darasa.

Mgeni wa Muscat
Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu Ricky, ila naona tunasahau kwamba ni yeye pekee ambaye Dan alimwandikia karatasi kwa akili timamu: hisa alizobaki nazo katika kampuni alizielekeza kwake kabla ya kulazwa. Kuhusu swali la mwanzo, kama sikosei Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, naye alifukuzwa humo na benki mwaka 1985 kwa sababu ya madeni, na baadaye akarudi. Kwa hiyo Heinlein alitabiri.

Mizani
Benki haikuhusika. Jobs alishindwa na John Sculley, mkuu wa kampuni, mbele ya bodi ya wakurugenzi, na Sculley huyo aliletwa kutoka PepsiCo mwaka 1983 kwa ushawishi wa Jobs mwenyewe. Hakukuwa na deni lolote la kusingizia wahasibu. Jobs aliondoka, akaanzisha NeXT, na Apple ikainunua kampuni hiyo katika makubaliano yaliyotangazwa Desemba 1996, ndipo akarejea. Zingatieni kwamba hakurudi kwa huruma ya sheria. Alirudi kwa sababu alikuwa na kitu cha kuuza.

Fundi Saketi
Na kitu hicho kilitengenezwa na wahandisi.

Msomaji wa Ngamiani
Nawaomba turudi kwenye saini. Je, haki isiyoweza kuhamishwa ingemwokoa Dan au ingemfukuzia wawekezaji? Hilo ndilo lililotugawa kikundini.

Wakili wa Jioni
Ingemfukuzia wawekezaji, nina hakika nalo. Hakuna mtu atakayeweka fedha katika kampuni ambayo mali yake kuu inaweza kuondoka mlangoni pamoja na mfanyakazi mmoja aliyekasirika. Zipo njia za katikati ambazo Dan angeweza kuzitumia: hisa za aina mbili, ambazo za mwanzilishi zina kura nyingi zaidi, kama walivyofanya waanzilishi wa Google na wa Facebook, au masharti kwamba hisa za mtu zinakuwa zake kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi, na akiondoka mapema zinarudi. Lakini njia zote hizo zinaandikwa kabla mapenzi hayajaingia, na Dan alikuwa na haraka ya kuoa.

Mizani
Mwanasheria amesema vizuri, lakini bado hakuna aliyegusa jambo ambalo Fundi analikwepa. Usiku ule ule Dan wa mwaka 1970 anapodungwa dawa, Dan wa baadaye, ambaye amesharudi nyuma kutoka mwaka 2001 kwa mashine ya wakati, ananyemelea nyumba ya Miles, anabeba roboti ya pili aliyoibuni akiwa kampuni ile pamoja na michoro na kumbukumbu zake, na kuzitokomeza. Roboti hiyo ilikuwa mali ya kampuni kwa mkataba alioutia saini. Kwa sababu imetoweka, mpango wa Miles na Mannix unaharibika. Wakati huo huo Dan amefungua kampuni nyingine huko Colorado, iitwayo Aladdin, na kuisajilia hataza, ikiwamo ya mashine ya kuchora michoro ya kihandisi. Kama mfanyakazi wangu angefanya hivyo, Fundi, ungemwita nani?

Fundi Saketi
Ningemwita mtu aliyechukua kilicho chake. Kaka Mizani, unasoma riwaya kama unakagua daftari la mauzo. Mashine ile ilitoka kichwani mwake. Niliwahi kuunda kifaa cha kupima maji katika kampuni ambayo sitaitaja, nikakikabidhi kwa furaha, na mwaka uliofuata nilikiona katika maonyesho kikiwa na jina la mtu ambaye hajui kushika koleo. Sikuiba kitu usiku. Labda ningepaswa.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu Fundi, pole. Sasa naelewa hasira yako kwa wahasibu, ingawa bado sioni walivyohusika na kifaa cha maji.

Mizani
Pole kutoka kwangu pia, na naisema bila kejeli. Lakini nitakupa mfano mwingine, wa Afrika hii hii. Ule ujumbe wa bure wa kumwomba mtu akupigie simu, ambao sote tumeutumia tulipokuwa hatuna salio, ulipelekwa kama wazo mwaka 2000 ndani ya kampuni ya Vodacom ya Afrika Kusini na kijana aitwaye Nkosana Makate. Aliahidiwa kwa mdomo na mkuu wa idara kwamba angelipwa iwapo huduma ingefanikiwa. Huduma ikafanikiwa, ahadi ikakanwa, akaenda mahakamani, na Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikasema kampuni inafungwa na ahadi ile na iketi naye kwa nia njema wakubaliane malipo. Mwaka 2019 alipewa pendekezo la randi milioni 47, akalikataa. Sasa tafuta Makate alikuwa akifanya kazi gani alipobuni wazo lile. Alikuwa mhasibu mwanafunzi.

Mgeni wa Muscat
Fundi, hapo umefungwa bao.

Fundi Saketi
Sijafungwa. Mfano huo unanisaidia mimi. Makate hakuiba chochote, alifuata njia zote halali, na ilimchukua zaidi ya miaka 15 kupata hukumu hiyo tu, kabla hata ya kuzungumzia kiasi. Dan alilala miaka 30. Tofauti ni kwamba Dan alikuwa na mashine ya kurudi nyuma, nasi hatuna. Ndiyo maana nasema riwaya hii, pamoja na roboti zake na paka wake, haijibu swali la Ndugu Msomaji hata kidogo: inamwokoa shujaa kwa kitu ambacho hakuna mbunifu atakayekipata.

Wakili wa Jioni
Hapo ningepinga kidogo. Mashine ya wakati inampa nafasi ya pili, lakini haimlindi. Akiwa Colorado anakutana na watu wawili asiowajua, mtu na mkewe, akina Sutton. Baada ya muda si mrefu anamkabidhi mume kampuni nzima ya Aladdin aisimamie, kisha anakwenda kulala tena miaka 30 kwa hiari. Anaamini mtu kwa kiwango kile kile alichomwamini Miles, na safari hii mambo yanakwenda sawa. Ndugu Msomaji angeweza kuuliza ni nini kilichobadilika kati ya kampuni ya kwanza na ya pili.

Fundi Saketi
Ni rahisi. Ya pili haikuwa na mhasibu.

Mizani
Ya pili ilisimamiwa na mwanasheria. John Sutton alikuwa mwanasheria, karatasi ziliandikwa mapema, na kila mmoja alijua fungu lake kabla ya kazi kuanza. Rudia sura za Denver, mji ule wa Colorado, Fundi, safari hii usiruke kurasa zisizo na roboti.

Fundi Saketi
Nitazirudia. Lakini kama kweli ni mwanasheria aliyeachiwa kampuni ya mtu aliyelala kwa miaka 30 na akairudisha yote, basi hiyo ndiyo sehemu ya kitabu iliyo ya kubuni kuliko safari ya wakati.

Wakili wa Jioni
Fafanua, Fundi. Nipo hadi saa nne usiku.