Kreatinini imepanda baada ya kupandikizwa figo: kamera ya gama inaona nini?

Mama Zuu: Wakuu, shikamooni mliotangulia. Mume wangu amepandikizwa figo ya dada yake. Kreatinini, ule uchafu wa damu unaoonyesha figo inavyochuja, ilishuka hadi 110, sasa imefika 190 na miguu imeanza kujaa. Homa hana. Daktari kamwandikia kipimo cha kamera ya gama, tena anasema huenda wakachukua na kinyama, yaani kipande kidogo cha figo cha kupima. Wifi anapiga simu kutwa, "Figo yangu haijambo?" Sasa kama kamera inaona, sindano ya kinyama ya nini?

Fundi Gama: Pole dada, ndiyo kazi yangu. Atalala chali, kamera juu ya nyonga, maana figo ya kupandikizwa hukaa chini ya tumbo, siyo mgongoni. Anachomwa teknesiamu, yenye mionzi ambayo kamera inaiona, iliyounganishwa na MAG3 au DTPA, kemikali zinazotolewa na figo. Dakika ya kwanza tunatazama damu inavyoingia, kisha kama nusu saa tunaangalia figo inavyoivuta dawa na kuishusha kibofuni. Damu ikiingia vizuri lakini dawa ikakwama, tunashuku figo iliyoumia kwa kukosa damu wakati wa kuhamishwa. Hiyo ni ya siku za mwanzo zaidi. Mwili ukiikataa, mara nyingi hata damu huingia kwa kusuasua. Shida ni kwamba picha hizo hufanana, na tacrolimus, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, ikizidi inatuvuruga vilevile. Kinyama ndicho kinachokata shauri. Sisi wazuri kwa mkojo unaovujia tumboni au njia iliyoziba. Akojoe kwanza, kibofu kikijaa tutadhani pameziba. Na mje na picha za zamani kama zipo, kulinganisha kunasaidia mno.

Babu Vidonge: Nina figo ya kaka yangu, nasema ninachokijua. Damu ya kupima kiwango cha tacrolimus itolewe asubuhi kabla hajameza dozi, la sivyo jibu litatoka juu bure. Tena aseme ukweli, miti shamba ametumia? Dawa ya fangasi?

Mama Zuu: Mungu wangu. Wiki iliyopita alinunua flukonazoli duka la dawa, mdomo ulikuwa na utando mweupe! Halafu nina mtoto mchanga, hiyo mionzi je?

Fundi Gama: Kila saa 6 nusu yake inapotea. Asimpakate mtoto mpaka kesho yake, akojoe mara kwa mara. Lakini hiyo flukonazoli hupandisha tacrolimus. Mpigie daktari sasa hivi, msisubiri siku ya kamera. Na asiache dawa yoyote kabla hajaambiwa.