Tupeane uzoefu: yaliyokukuta ulipotengeneza mfumo wa tovuti kwa ajili ya tasnifu

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa tasnifu umefika na mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho. Juzi kaniuliza atumie PHP au Python. Nikamwambia lugha yoyote aliyoizoea itamfikisha, ila yapo maswali ambayo hajaniuliza na ndiyo yatakayomkosesha usingizi. Nikaona bora nifungue uzi, kila mwenye lake aliweke hapa, yeye na wenzake wasome kabla hawajaanza. Nianze mimi.

Tasnifu yangu ilikuwa mfumo wa miadi ya kliniki ya mama na mtoto. Nilikuwa nasoma Dodoma, na zahanati niliyoichagua iko kijijini, mwendo wa saa nzima kwa basi. Tatizo nililiona kwa macho yangu: kina mama wote wanafika alfajiri, wanabanana kwenye benchi 2, na aliyechelewa kidogo anakaa hadi mchana. Nikasema nitatengeneza mfumo ambao muuguzi anampangia kila mama saa yake, halafu saa 24 kabla ya miadi ujumbe mfupi unaenda kwenye simu yake kumkumbusha.

Niliandika kwa PHP, na hifadhidata ya MySQL, nikitumia XAMPP, programu inayoifanya laptopu iwe kama seva. Miezi 3 nzima niko hosteli najaribu peke yangu. Naweka 09:00, inahifadhiwa 09:00, ujumbe unatoka. Nikaenda zahanati moyo umetulia kabisa.

Siku ya kwanza niliingiza miadi mwenyewe ili dada muuguzi aone inavyofanyika. Siku ya pili nikamwachia kiti. Mama wa kwanza akampangia saa 3 asubuhi, akaandika 3:00. Wa pili 3:30. Wa mwisho saa 7 mchana, akaandika 7:00. Ndivyo kila mmoja wetu anavyosema saa tangu utoto, na hata mimi nisingemtajia mtu saa kwa namna nyingine. Mfumo haukukataa, maana 3:00 kwake ni saa halali: ni saa 9 za usiku. Ikawa vikumbusho vilivyotakiwa kwenda asubuhi vinatoka usiku wa manane, na kina mama wanashtushwa na simu wakiwa usingizini.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni ile miadi niliyoiingiza mimi. Mfumo uliwaandikia: "Unakumbushwa kufika kliniki kesho saa 09:00." Mama mmoja akaja saa 9 alasiri, mtoto mgongoni, katembea kutoka kitongoji cha mbali. Chumba cha chanjo kilikuwa kimeshafungwa. Hakugomba. Alinyoosha simu yake nisome, na ujumbe wangu ulisema hivyohivyo alivyouelewa. Wakuu, nimeandika sura 5 za tasnifu na hakuna ukurasa niliojifunza kama kusoma ile simu.

Marekebisho yalinichukua karibu wiki. Niliondoa kabisa kisanduku cha kuandika saa. Badala yake muuguzi anachagua maneno: "Asubuhi saa 3:00", "Mchana saa 7:00". Ndani ya hifadhidata inakaa 09:00:00 na 13:00:00, na ujumbe unapotoka unageuzwa tena kwa kutoa 6, ukiwa na neno asubuhi, mchana au jioni mbele yake. Ukisahau lile neno umerudi ulipotoka. Na pale inapofika saa 12 asubuhi hesabu ya kutoa inakupa sifuri, kwa hiyo lazima uishughulikie peke yake.

Kuna jingine linalofanana nalo. Seva niliyokodi ilikuwa nje ya nchi na inafuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Kazi iliyopangwa saa 2 asubuhi ikawa inafanyika saa 5. Kwa PHP ni mstari mmoja tu, date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam'), na hifadhidata nayo iambiwe +03:00. Mstari mmoja, lakini niliutafuta siku 2.

Ningeanza upya leo, mwezi wa kwanza ningempelekea dada yule karatasi niliyochora fomu kwa kalamu na kumwambia, "Dada, naomba ujaze kama unampangia mama." Angeandika 3:00 mbele yangu kabla sijaandika hata mstari mmoja wa kodi, yaani maagizo ya programu.

Nawasilisha. Karibuni.

Mtoto wa Forodhani

Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa Unguja, mfumo wa zamu za walinzi. Saa nilizikumbuka, siku ndizo zilizoniponyoka. Fomu ilikuwa na tarehe, na chini yake mchana au usiku. Mzee msimamizi wa walinzi akampanga kijana "usiku wa Ijumaa". Kwake yeye, na kwa wazee wote wa Pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Mfumo wangu uliupeleka usiku wa baada ya Ijumaa. Lindo likabaki tupu usiku mmoja, na usiku uliofuata wakafika wawili.

Nilibadilisha maandishi ya kwenye skrini: "Alhamisi kuamkia Ijumaa." Ni marefu, yanakula nafasi kwenye simu, lakini tangu hapo hakuna aliyeuliza.

Fundi wa Mbeya

Langu fupi. Namba za simu niliziweka kwenye safu ya INT, aina ya namba za hesabu. Zilizoanza na 0 zikapoteza sifuri yake, 0754 ikawa 754. Nikasema basi watu waandike kwa kuanza na 255. Kesho yake nafungua jedwali, watu wote wana namba moja: 2147483647. Nilidhani nimedukuliwa. Kumbe INT inaishia hapo, namba ikizidi inashushwa hadi kikomo hicho, na XAMPP niliyokuwa nayo haikutoa kosa lolote. Namba halisi za watu 60 zikawa zimepotea, ikabidi nizunguke kuwaomba tena.

Namba ya simu iwekwe VARCHAR, yaani kama maandishi. Huijumlishi wala huigawanyi, basi si namba ya hesabu.

Mwana Nairobi

Hamjambo wenzangu. Nilimaliza 2021, mradi wangu ulikuwa wa kurekodi michango ya chama cha akina mama mtaani kwetu, malipo yakipitia M-Pesa kwa kutumia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa.

Mtu akibonyeza "lipa", mfumo wako unatuma ombi na papo hapo unapata jibu lenye ResponseCode 0. Mimi kuona sifuri, nikaandika kwenye hifadhidata: amelipa. Nikawaita wanachama 5 tujaribu. Wawili simu zao zilipoonyesha kisanduku cha namba ya siri waliogopa, wakaghairi. Mhazini alikuwa mmoja wao. Akaangalia skrini yangu akauliza, "Mbona mimi sijaweka namba ya siri na umeniandika nimelipa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye ndipo nilisoma maelezo vizuri: sifuri ya kwanza inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Jibu la malipo huja nyuma yake, linatumwa kwenye anwani ya tovuti uliyoitaja, na humo ndimo kuna ResultCode. Ikiwa 0 amelipa, ikiwa 1032 ameghairi. Sasa anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje, na laptopu iliyo chumbani haifikiki. Nikatumia programu ya ngrok kufungua njia, lakini wakati ule kila nikiiwasha upya anwani ilibadilika, nami nikisahau kuibadilisha kwenye kodi, majibu yote yanapotea hewani. Wiki nzima nililaumu kodi yangu bure.

Ushauri wangu kwa anayegusa pesa za watu: kila muamala uanze ukiwa "unasubiri", na usiuguse hadi jibu la pili lifike. Mama wa chama anaweka akiba ya kuuza mboga pale. Huwezi kumwandikia uongo.

Kanda ya Ziwa

Nilikuwa natumia kompyuta ya mezani ya mjomba, Mwanza, haina betri wala kifaa cha kuhifadhi umeme. Umeme ulikatika mara 3 jioni moja. Uliporudi, nabonyeza kuwasha MySQL, inaandika "MySQL shutdown unexpectedly". Zimebaki siku 12 kutetea.

Rafiki yangu aliyenitangulia mwaka mmoja ndiye aliyeniokoa kwa simu. Alinizuia kwanza nisifute chochote. Tukabadilisha jina la folda ya data, tukanakili ile folda inayoitwa backup na kuipa jina data, kisha tukarudisha humo folda ya hifadhidata yangu pamoja na faili la ibdata1 kutoka ile ya zamani. Ikawaka. Nawaambia, nililia.

Watu wengi hunakili folda ya mradi iliyomo htdocs wakidhani wamehifadhi kila kitu. Hifadhidata haimo humo. Kila jioni fungua phpMyAdmin, toa nakala ya hifadhidata kuwa faili la .sql, jitumie kwenye barua pepe. Bando lake ni dogo mno. Na kodi iende GitHub, ila faili lenye nywila lisiende.

Mhadhiri Msaidizi

Nimekaa kwenye majopo ya kutetea kwa miaka kadhaa, naomba niseme kutoka upande ule wa meza.

Kwanza, mjumbe mmoja ana kawaida: mwanafunzi akifungua ukurasa wa kuingia, anamwomba kibodi na kuandika ' OR '1'='1 mahali pa jina la mtumiaji na pa nywila. Nimeshuhudia mlango ukifunguka mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Usiunganishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja na agizo la SQL (lugha ya hifadhidata), tumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata, yenye prepare na execute. Na nywila zipite kwenye password_hash, iliyomo ndani ya PHP tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Hakuna sababu ya kuleta MD5, njia dhaifu ya zamani, tena.

Pili, nasema hili kwa uchungu: wanaonunua mifumo. Tunajua. Tunachofanya ni kumwomba mwanafunzi aongeze kisanduku cha jina la kati kwenye fomu, hapo hapo. Aliyeandika mwenyewe anatetemeka, anakosea, lakini anajua faili liko wapi. Aliyenunua anazungusha kipanya tu. Naona huruma, maana mara nyingi ni kijana mwenye uwezo aliyeanza kuogopa mwezi wa pili na hakumwambia mtu.

Tatu, sura ya tathmini. Wengi hutumia dodoso la SUS (System Usability Scale), la kupima urahisi wa kutumia mfumo, alilolitunga John Brooke mwaka 1986, lenye kauli 10. Kauli za namba witiri ni za kusifu na za shufwa ni za kulaumu, kwa hiyo hazijumlishwi hivi hivi. Witiri unatoa 1 kwenye jibu, shufwa unatoa jibu kwenye 5, unajumlisha vyote na kuzidisha kwa 2.5. Nimesoma tasnifu zilizojumlisha kichwa kichwa na kutangaza ushindi. Na matokeo si asilimia. Wastani unaotajwa na watafiti ni 68, hivyo ukipata 60 uko chini ya wastani, hujafaulu kwa 60. Ukiitafsiri kwa Kiswahili isome kwanza na watu 3 au 4. Kauli kama "Niliona mfumo huu una mambo mengi yasiyo ya lazima" watu huikubali kwa heshima tu, wakidhani kukubali ndiko kukusifu. Kaa nao, wasomee.

Mwaka wa Mwisho

Shikamooni. Mimi ndiye mdogo wake mleta mada, nimesoma yote na nimeshabadilisha safu yangu ya namba za simu usiku huu. Kaka, nina maswali mawili. Kibali ulikipataje, na je, ule mfumo wa zahanati bado unatumika?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu, na asanteni nyote.

Kibali anza nacho hata kabla ya kodi. Mimi nilikuwa na barua ya chuo, nikaipeleka halmashauri, wao wakaniandikia ya kwenda kwa mganga mfawidhi. Kila meza ina siku zake. Na majina na simu za kina mama ni amana. Siku hizi ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, isome. Kwenye laptopu yako jaribia majina ya kubuni, ya kweli yabaki zahanati.

Mfumo hautumiki. Nililipia seva mwaka mmoja kwa pesa zangu. Ulipokaribia kuisha sikuwa na kazi, na zahanati haikuwa na fungu la kulipia. Nilikwenda, nikatoa miadi yote iliyobaki kwenye karatasi, nikamkabidhi dada muuguzi, kisha nikafuta taarifa zote mbele yake kama nilivyoahidi kwenye barua ya kibali. Akaniomba kitu kimoja: ile orodha ya saa niliyomtengenezea, yenye "Asubuhi saa 3:00" na nafasi ya jina mbele yake, nimchapishie nakala tupu. Nilikwenda stesheneri nikamtolea 200. Niliporudi kumsalimia mwaka uliofuata zilikuwa zimebaki chache, na alikuwa amepiga mistari yake mwenyewe kwenye daftari kwa mpangilio uleule.