Nebula ya Heliksi ukutani: picha yangu imetoka nyeusi na ndogo

Mkaaji wa Lubumbashi

Salamu kwenu wote. Mwezi wa nane nilikwenda kando ya barabara ya Kipushi nikapiga picha 90 za Nebula ya Heliksi, wingu la gesi angani lenye namba NGC 7293 katika orodha ya wanaastronomia, kila moja ya dakika moja, kwa kamera ya pikseli milioni 24 na lenzi ya milimita 200 iliyofungwa juu ya kifaa kinachofuata nyota, kisha nikaziunganisha kuwa picha moja. Kwenye kompyuta pete yake nyekundu ilionekana vizuri, lakini karatasi ya sentimita 60 kwa 40 niliyochapishiwa dukani ni nyeusi tii, na nebula yenyewe haizidi kifuniko cha chupa ya soda. Nataka kuitundika sebuleni kwa baba, ambaye alifanya kazi ya usiku mgodini miaka mingi na ndiye aliyenionyesha nyota. Naombeni ushauri.

Mwalimu wa Fizikia, Bukavu

Ndugu yangu, udogo huo haukuletwa na duka. Sensa yako, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ikiwa ina upana wa milimita 23.5 kama kamera nyingi za aina hiyo, hupata pikseli 370 hivi za nebula kwa lenzi hiyo, na karatasi yako imegawiwa pikseli 100 kwa kila sentimita; ndiyo maana umepata sentimita 3.7. Ukiikata picha na kuridhika na pikseli 60 kwa sentimita, ambazo zatosha kwa mtu anayeitazama akiwa mbali kidogo, utafika sentimita 6 tu. Darubini yenye urefu wa fokasi (zile milimita zinazotajwa kwenye lenzi) wa milimita 800, mara nne ya lenzi yako, ingekupa karibu sentimita 25, na hiyo ndiyo picha ya ukutani. Hata hivyo umechagua vyema, kwa sababu Heliksi hupita karibu na utosi huko kwenu, ilhali nebula nyingine, Nebula ya Pete au M57, ingekuwa na pikseli 20 tu kwa lenzi yako.

Nebula za aina hii huitwa nebula za sayari, lakini mzee akiuliza ni sayari gani, mwambie kwamba si sayari. Mwanaastronomia William Herschel alizipa jina hilo katika miaka ya 1780 kwa kuwa zilifanana na visahani vya sayari. Kumbe ni gesi iliyomwagwa na nyota inayozeeka, nayo inang'azwa na miali ya urujuanimno ya kiini kilichobaki katikati.

Mchapaji wa picha, Goma

Niongeze kuhusu weusi. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wake chenyewe, bali karatasi hurudisha tu ule wa chumbani, kwa hiyo weka karatasi nyeupe kando ya kioo, punguza mwangaza mpaka ukurasa mtupu ulingane nayo, ndipo uanze kuongeza mwanga wa sehemu za giza za picha. Usichape picha nzima kwanza. Chapisha vipande vitatu vya upana wa kiganja, vyote vya ukingo wa pete, kila kimoja kikiwa na mwanga zaidi ya kilichotangulia, uvipeleke kwenye ukuta wenyewe. Ikiwa dirisha linaukabili ukuta huo, mimi ningechukua karatasi isiyong'aa, ijapokuwa weusi wake hupungua kidogo.

Mkaaji wa Lubumbashi

Asanteni sana. Vipande nimevibandika jana jioni, na baba amechagua cha tatu. Nebula nitaiacha ndogo katikati ya nyota zake mpaka nipate darubini ya kuazima, na safari ijayo nitasubiri moshi wa nyasi zinazochomwa upungue.